Risasi Iliyobaki Ndani ya Kevin

Watu huniuliza kama mwanangu alikuwa kwenye maandamano. Alikuwa. Sitadanganya ili ahurumiwe. Alitoka nyumbani kwetu, mji mdogo wa Kwanza, asubuhi, bendera ndogo ameifunga mkononi, chupa ya maji mfukoni, akaenda Kitale na wenzake kupiga kelele juu ya ushuru. Mama yake alimwambia arudi kabla ya giza. Akasema sawa.

Aliuawa mchana, nyuma ya soko, kwenye kichochoro cha wauza viatu vya mitumba. Polisi walisema alikanyagwa na watu waliokuwa wakikimbia moshi wa mabomu ya machozi. Hivyo ndivyo walivyoandika na hivyo ndivyo redio ilivyosema. Lakini mimi nilimwona mochari. Mtu aliyekanyagwa ana alama za viatu, ana michubuko, ana mifupa iliyovunjika. Kevin alikuwa mzima kuanzia uso hadi vidole vya miguu, kama kijana aliyelala baada ya palizi. Chini ya kwapa la kushoto ndipo palipokuwa na tundu, dogo, unaweza kuliziba kwa kidole. Nilimgeuza nitafute risasi ilipotokea. Haikutokea popote. Risasi iliingia ikakaa.

Shirika moja la haki lilitupatia wakili, msichana anayeitwa Joan, mdogo kuliko nilivyotarajia. Alinieleza bila kuzunguka. Risasi ikitolewa na daktari, itapelekwa maabara Nairobi, na maabara itasema imetoka kwa bunduki gani. Bunduki ikijulikana, aliyeibeba siku hiyo atajulikana. Kevin akizikwa nayo, basi alikanyagwa, na mambo yamekwisha. Akaniambia tena kwamba daktari wetu, yule ambaye shirika lingemleta, peke yake hatoshi, lazima daktari wa serikali awepo, la sivyo polisi wataikana hiyo risasi na kusema tuliitoa mfukoni.

Kwa hiyo tukawa tunamngoja daktari wa serikali. Mara ya kwanza alikuwa na mkutano Eldoret. Mara ya pili gari lilikosa mafuta. Mara nyingine tuliambiwa anaumwa. Kila mara mimi na mke wangu Agneta tulikaa kwenye benchi la mochari kuanzia asubuhi, tukisikia jenereta likiwaka na kuzima, kisha tukarudi Kwanza. Siku moja njiani Agneta alisema, akiangalia nje ya dirisha, "Mtoto wangu yuko kwenye friji kama nyama ya bucha."

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hutaelewa kilichofuata. Sisi Wabukusu, baba hasimami mbele kwenye msiba wa mtoto wake, hasa kifungua mimba. Baba anayekimbia huku na huku na maiti ya mwanawe ni kama anamfukuza duniani. Kazi hiyo hufanywa na ndugu yake mkubwa. Mimi nina kaka, Wakonyo, ambaye anakaa kwenye boma la baba yetu karibu na Chwele, upande wa Bungoma. Nilipompigia simu siku ile Kevin alipouawa, alifika Kitale kabla sijamaliza kulia. Yeye ndiye aliyeongea na watu wa mochari, yeye ndiye aliyeacha jina na nambari ya kitambulisho. Mwenye maiti, kwa mochari, alikuwa Wakonyo. Nami nilifurahi. Kaka yangu ni mtu ambaye akifika, wewe unaweza kukaa chini.

Wiki zikapita. Mwezi wa nane ukakaribia.

Kwetu tohara ni mwezi wa nane, mwaka mmoja inafanywa, mwaka unaofuata hapana. Mvulana akikosa, anangoja miaka miwili. Na boma ambalo lina maiti isiyozikwa halitahiri. Wazee husema damu mbili haziwezi kukaa uani mwa boma moja. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa tohara, na ilikuwa zamu ya mwana wa Wakonyo, Wanyonyi. Zamu yake hasa ilikuwa imepita. Mara ile nyingine homa ya matumbo ilimlaza hospitalini mwezi mzima, wenzake wakaenda mtoni kupakwa matope ya tohara bila yeye. Sasa yuko kidato cha pili na bado ni mtoto. Hapo Chwele alikuwa ameshaanza kuzunguka na njuga akiwaalika jamaa. Binamu zake wengine wa ukoo walikuwa wanangoja uani humo humo.

Niliitwa kikao. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki, wanawake nyuma yao, Agneta kati yao. Walinipa pole upya, kisha wakaanza. Mmoja alisema mtoto aliyekufa kwa damu huzikwa upesi. Mwingine akasema hata serikali yenyewe imeandika kwamba alikanyagwa, sisi ni nani tuibishie serikali. Wa tatu aliuliza kama nataka Kevin azikwe akiwa mifupa. Niliwajibu wote jibu moja, kwamba tunangoja daktari, na kwamba risasi imo.

Wakonyo alikuwa wa mwisho kusema. Hakupaza sauti.

"Wakhungu, ndugu yangu. Hiyo risasi ikitoka, Kevin atafufuka?"

"Hapana."

"Polisi watafungwa?"

"Sijui."

"Hujui. Basi unawashikilia watoto wetu kwa kitu hujui."

Mzee mmoja aliyekuwa akichokonoa meno akadakia: "Ama unataka tutahiri maiti?" Watu wawili watatu wakacheka, wakajifanya wanakohoa. Sikumchukia huyo mzee. Mimi mwenyewe katika misiba ya watu nimewahi kusema mabaya zaidi.

Waliniruhusu muda kidogo. Tukiwa njiani kurudi, Agneta aliniambia kwamba yeye yuko upande wao. Amechoka. Akila anafikiria baridi. Akioga maji ya moto anaona aibu. Anataka kuona udongo umemfunika mtoto wake, halafu hao polisi Mungu atawaona. Nikamwambia Mungu aliwaona wakati wanapiga, na hakuwashika mkono.

Joan alikuwa amenipa jina la mtu mmoja. Wacuka, mama wa viatu vya mitumba, ambaye Kevin alianguka mbele ya meza yake. Nilienda kumwona. Mume wake, Wahome, hubeba viazi kwa pikapu. Ni Wakikuyu, watu wa kutoka Mkoa wa Kati, waliokaa huku Trans-Nzoia tangu babu zao. Nilikuta Wahome amekaa juu ya gunia mlangoni, na nilipojitaja hakuinuka.

"Pole, Baba Kevin," akasema. "Lakini mke wangu haendi kortini."

Nikamwambia sijaomba aende kortini, nataka tu kusikia.

"Leo ni kusikia, kesho ni kortini. Wacha nikuambie. Wakati ule wa vita vya kura, duka letu lilichomwa hapa hapa. Wacuka aliandikisha taarifa. Alitaja watu kwa majina, na mitaa wanayokaa. Ulisikia nani alifungwa?"

"Nani?"

"Mimi ndiyo nakuuliza wewe. Walikuwa watu wenu."

Sikuwa nimechoma duka la mtu, lakini wala sikuwa nimeuliza. Nilisimama pale kama mtu aliyekuja kukopa. Wacuka akatoka ndani, mikono ina rangi ya viatu, akamwambia mumewe kwa lugha yao maneno machache, naye Wahome akageuza uso.

Alinisimulia akiendelea kupaka rangi kiatu. Kevin alikuja akikimbia peke yake, mikono juu. Nyuma yake askari mmoja, amevaa kofia ya chuma, hana nambari kifuani. Kevin alijikwaa kwenye meza, viatu vikamwagika, akasimama akageuka. Yule askari akapiga mara moja, umbali wa kutoka hapa hadi kwenye ile nguzo ya stima, akaondoka akitembea. Hakukimbia.

"Nilimshika kichwa," Wacuka akasema. "Unajua aliniambia nini? Aliniambia, 'Samahani, mathe.' Kwa sababu ya viatu vyangu. Ati samahani."

Akapaka kile kiatu mpaka nikadhani atakitoboa. Kisha akasema hivi: akienda peke yake, hilo litakuwa neno la Mkikuyu wa mitumba dhidi ya polisi, na ameshawahi kupima uzito wa neno lake. Risasi ikitoka, hata yeye atasema. Isipotoka, nisimtafute tena. Wahome hakupinga wala hakukubali. Niliondoka nikijua kwamba sasa hata huyo shahidi yuko ndani ya mwili wa Kevin pamoja na risasi.

Hatimaye Joan alipiga simu. Ameenda mpaka kwa mkubwa wa huyo daktari wa serikali, na Alhamisi atakuja, hana njia ya kukwepa. Daktari wetu wa kutoka Nairobi atakuja pia, lakini lazima aondoke Ijumaa saa sita kwa sababu ana kesi nyingine mbali. Nilimwambia Agneta. Akaitikia tu kwa kichwa. Jumatano akasema anaenda Chwele kumsaidia mke wa Wakonyo na maandalizi ya tohara. Sikushuku kitu. Wanawake wa boma husaidiana.

Alhamisi nilifika mochari mapema. Joan alikuwepo. Wacuka alikuja pia na mume wake. Alitaka kuona kwa macho yake, hakutaka kusikia kwa simu. Yule daktari wa Nairobi alifika na sanduku lake, mama mnene anayeongea polepole. Hata daktari wa serikali alikuja, akasimama kando akiangalia simu. Kila mtu tuliyekuwa tukimngoja tangu mwezi wa sita alikuwa amesimama pale.

Mfanyakazi wa mochari akavuta droo. Ilikuwa tupu. Akavuta nyingine, akaifunga haraka. Akaenda kuuliza ofisini akarudi.

"Mwenyewe amechukua alfajiri," akasema.

"Mwenyewe ni mimi," nikasema.

"Wewe si Wakonyo."

Akatueleza kwamba walikuja Wakonyo na chifu wa serikali kutoka Chwele, na mwanamume mwingine ambaye hakusema ni nani lakini kila mtu alimpisha. Walikuwa na kibali cha mazishi. Jina kwenye kibali lilikuwa lile lile lililo kwenye kitabu cha mochari. Nani angewazuia? Daktari wa serikali akauliza kama sasa anaweza kwenda. Joan akamwambia akijaribu kuondoka Kitale kabla ya kesho saa sita, yeye Joan atalala mlangoni kwa mkubwa wake. Akakaa.

Nilimpigia Wakonyo, simu imezimwa. Nilimpigia Agneta. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuenda kusaidia tohara.

Joan alinivuta pembeni. Alisema amri ya korti ya kuzuia mazishi haiwezi kupatikana kabla ya Jumatatu. Na Kevin akishafukiwa, kumfukua ni kesi nyingine, mwaka mzima au zaidi, na ukoo ukipinga huenda isiwezekane kabisa. Hakuhitaji kuniambia kuhusu ukoo. Kwetu kaburi halifunguliwi. Hata ukiahidiwa dhahabu.

Wahome alikuwa ameegemea pikapu yake akisikiliza. Alizunguka akafungua mlango wa abiria.

"Ingia," akasema. Kisha akamwambia mke wake, "Na wewe ingia. Si ulitaka kuona?"

Aliendesha kama mtu anayefukuzwa. Kiminini, Kamukuywa, tukakata kuelekea Kimilili na Chwele. Mahindi yalikuwa yamesimama pande zote mbili, marefu, yanaanza kutoa mbelewele. Nilijiona mjinga kwa kuyatazama. Wacuka, katikati yetu, alikuwa ameshika kifuko chake kwa mikono miwili. Wahome alipoyumba kumkwepa mtu wa bodaboda akasema: "Na huyu naye anataka kufa leo."

Nilipoona boma letu nilijua tumefika dakika ya mwisho. Hapakuwa na tenti wala spika. Watu hawakuwa wengi, ni ukoo tu na mchungaji mmoja na chifu. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya vijiti viwili kando ya shimo, nyuma ya nyumba ya baba yetu. Mchungaji alikuwa anafunga Biblia.

Nilisema niliyokuja kusema. Kwamba madaktari wako Kitale, wote wawili, wanangoja. Kwamba naomba siku moja tu, halafu nitamleta mimi mwenyewe kwa mikono yangu tumzike. Walinisikiliza. Siwezi kusema hawakunisikiliza. Chifu alisema kibali kimetoka na sheria ni sheria. Wakonyo alinishika bega akaniambia yamekwisha, twende tukae, nisijiaibishe mbele ya watu. Kisha akawapa vijana ishara, nao wakapitisha kamba chini ya jeneza.

Sikuwa na nguvu ya kupigana na vijana sita. Wahome alikuwa mgeni, hangeweza kuweka mkono. Sikupanga nilichofanya. Nilikaa kwenye ukingo wa lile shimo, nikashusha miguu, nikajiachilia. Nilianguka vibaya, goti likalia. Nikajiburuta nikakaa kwenye kona, mgongo kwenye udongo.

Kisha yule mzee wa kuchokonoa meno akachungulia.

"Wakhungu, toka bana. Hilo shimo si saizi yako."

Kuna aliyecheka, akaacha katikati. Wanawake wakaanza kulia, si kile kilio cha msiba, kilio kingine, cha woga. Mtu mzima mwenye uhai ndani ya kaburi lililochimbwa kwa mwingine: hakuna anayejua kifanyike nini hapo. Mchungaji alianza kuomba. Vijana wawili waliambiwa washuke wanitoe. Mmoja alishusha mguu mmoja, akanitazama, akaurudisha. "Mimi siwezi kumshika mzazi ndani ya kaburi," akasema. Mwenzake hakujaribu.

Wakonyo akapiga magoti ukingoni. Kutoka chini uso wake ulionekana mkubwa, umevimba.

"Unatuharibia boma," akasema.

"Najua."

"Toka tuongee."

"Ongea nikiwa hapa."

"Unajua Wanyonyi wanamwitaje huko shuleni? Unajua hata kuoga anangoja wengine watoke? Mtoto wako amekufa, nimemlilia. Nimemlilia kuliko wewe unavyodhani. Lakini mwonee huruma huyu aliye hai."

Yote aliyosema juu ya Wanyonyi ni kweli. Nikamwambia, "Aliyemuua Kevin pia yuko hai. Saa hii anakula chakula cha mchana."

Wakonyo alifunga macho. Nilidhani sasa atawaambia wanishushie jeneza juu yangu, na kwa kweli nilikuwa nimeshajiandaa kwa hilo. Badala yake niliona miguu ya Agneta. Alikuwa amekuja mpaka ukingoni, udongo ukawa unaporomoka kidogo chini ya viatu vyake. Nilingoja anilaani. Nilikuwa nimeshamnyang'anya mazishi ya mtoto mbele ya watu wote.

"Baba Kevin," akasema. "Risasi imetoka ama haijatoka?"

"Haijatoka. Iko ndani."

"Wakonyo aliniambia imetoka. Ati daktari alikuja Jumanne jioni, akamaliza kila kitu, na wewe ndiye hutaki tu kuzika."

"Daktari amekuja leo. Yuko Kitale sasa, anangoja. Muulize huyo mama aliyesimama pale."

Agneta aligeuka akamwangalia Wacuka, mwanamke asiyemjua, na Wacuka akatikisa kichwa kwamba haijatoka. Kisha akamwangalia Wakonyo. Ndugu yangu alikuwa bado amepiga magoti, anatazama udongo.

"Chifu ndiye aliniambia hivyo," Wakonyo akasema. "Mimi niliambiwa hivyo."

Chifu alikuwa ameanza kuelekea kwenye pikipiki yake.

Agneta alivua viatu, akaviweka pamoja kando ya jeneza, akakaa pale ukingoni nilipokuwa nimekaa, akashuka. Nilimpokea kiunoni. Akaketi kando yangu, magoti yetu yakagusana, maana shimo lilikuwa limechimbwa kwa mtu mmoja. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba asingekubali, kama angejua asingekubali. Nikamwambia najua.

Tulikaa humo muda mrefu. Jua lilihama, kivuli kikatufunika sisi kwanza. Juu tulisikia wazee wakivutana kwa Kibukusu, mmoja akitaka tuitiwe polisi, mwingine akimwambia awaite basi, waje waone kazi yao. Hatimaye mzee mkubwa wa ukoo alikuja na fimbo yake akatueleza walichoamua.

Kaburi likichimbwa lazima lipate kitu. Haliwezi kulala tupu, litaita mwingine. Kwa hiyo watakata mgomba, wataufunga shuka, watauzika humo kwa jina la Kevin, kwa maombi na kila kitu. Baada ya hapo Kevin atakuwa amezikwa, boma litakuwa safi, na watoto watatahiriwa. Sisi tumchukue tumpeleke tunakotaka.

"Lakini msikie vizuri," akasema. "Ukoo hauwezi kumzika mtu mmoja mara mbili. Mkimtoa hapa leo, asirudi."

Mbukusu kuzikwa nje ya boma la babu zake ni jambo ambalo watu hutishiana nalo wakigombana. Nilimtazama Agneta. Nilijua nikisema ndiyo peke yangu, hatatamka jina langu tena.

"Tutoke," akasema.

Walituvuta kwa kamba zile zile za jeneza. Wakonyo mwenyewe ndiye aliyekata mgomba, akaukata urefu wa mtoto wangu bila kupima, akaufunga kwenye shuka jeupe. Aliposhusha ule mzigo alisema, "Kevin wa Wakhungu, lala." Sauti ikamkatika. Wakafukia. Nilirusha udongo na mimi, kwa sababu niliambiwa nirushe.

Hakuna mtu wa ukoo aliyegusa jeneza baada ya hapo. Kwao lilikuwa tupu, au lilikuwa na kitu kisichofaa kuguswa. Tulilibeba sisi: mimi na Wahome mbele, Agneta na Wacuka nyuma. Nilikuwa nachechemea kwa sababu ya goti. Wahome alisukuma magunia ya viazi upande mmoja, tukaliingiza. Akafunga mlango wa nyuma wa pikapu kwa waya. "Pole sana, Mama Kevin," akamwambia mke wangu, mara ya kwanza kuongea naye, na Agneta akamshika mkono akashindwa kuuachilia.

Ijumaa asubuhi yule daktari wa Nairobi aliitoa. Ilikuwa imegota kwenye uti wa mgongo. Alitoka nje akanionyesha ndani ya mfuko wa plastiki, kitu kidogo kilichopinda, nikashindwa kuamini kwamba nimekisumbukia namna ile. Daktari wa serikali aliweka sahihi akiangalia ukutani. Joan aliikabidhi kwa watu wanaochunguza polisi, nao wakaondoka nayo. Siku hiyo hiyo Wacuka aliandikisha taarifa yake, mara ya pili katika maisha yake, na Wahome alikaa nje kwenye pikapu bila kuzima injini mpaka akatoka.

Kevin tulimzika kwenye makaburi ya mji, Kitale, sehemu wanakozikwa watu ambao hawana kwao. Mwimbaji wa kanisa moja la mjini aliongoza nyimbo. Hapakuwa na mzee wa kusimama na kumwelezea, kwamba ametoka kwa nani na nani, ukoo gani. Nilijaribu mwenyewe. Niliharibu, nikachanganya majina ya mababu, nikaacha.

Watoto walitahiriwa mwezi wa nane. Nilisikia kwamba Wanyonyi alisimama vizuri, hakupepesa jicho. Nilifurahi kweli. Wakonyo hakunialika, wala mimi nisingeenda.

Risasi iko Nairobi. Joan anasema maabara iliomba bunduki zote zilizotolewa siku hiyo, na zilipelekwa zote isipokuwa moja, ambayo kituo kinasema ilihamishwa kwenda kaskazini na haijulikani iko na nani. Ameandika barua. Ameandika nyingine. Nikimpigia ananiambia tungoje, na nasikia kwenye sauti yake kwamba yeye mwenyewe amechoka kulisema neno hilo. Wacuka amehamisha meza yake ya viatu. Kuna askari alikuwa anakuja kusimama mbele yake kila jioni, hasemi kitu, hanunui kitu.

Jumapili baada ya kanisa mimi na Agneta huenda makaburini. Watu wengine wameshazikwa pande zote, hata kumfikia inabidi uombe radhi kwa majina usiyoyajua. Wiki iliyopita, akiwa anang'oa majani, aliniuliza bila kugeuka: hiyo bunduki isipopatikana, mtoto tulimwacha huku kwa ajili ya nini?

Nimekuwa nikilitafuta jibu tangu siku hiyo. Nikiwa kwenye mashine yangu ya kukoboa mahindi nalitafuta. Yeye hajauliza tena, na mimi sijamjibu.